Tusilale juu ya Kobalti

Siku hizi huku Bulengera, madukani, penye vituo vya pikipiki, hata nje ya kanisa watu watokapo Misa, twasikia neno moja likienda mdomo hata mdomo. Lasema hivi: "Magari ya kesho ni magari ya umeme. Gari la umeme haliendi bila betri, betri haifanyiki bila kobalti, na kobalti ni ya Kongo. Basi, ulimwengu wote utatupigia magoti. Sisi tungoje tu."

Neno hilo ni tamu, nasi hatushangai kwamba limependwa. Mji uliozoea habari za vita na barabara mbovu wapenda kusikia ya kuwa siku moja utabembelezwa. Lakini neno tamu lisilo la kweli ni kama deni: hufurahisha siku ya kukopa, huumiza siku ya kulipa. Twataka kulipinga leo waziwazi, kwa hesabu wala si kwa hasira, kwa maana wako vijana wanaolitegemea hata kuacha kujifunza kazi.

BETRI NI MAPISHI

Tuanze na jambo lenyewe. Betri ya gari la umeme ina pande mbili. Upande mmoja kwa kawaida ni wa grafiti, namna ya makaa. Upande wa pili ni mchanganyiko wa madini. Betri ikijazwa umeme, chembe za lithiamu hutoka katika upande wa madini na kuingia katika grafiti. Gari likienda, chembe hizo hurudi zilikotoka, na katika kurudi kwao umeme hupita kwenye mota, nayo magurudumu huzunguka. Kobalti hukaa katika upande ule wa madini. Kazi yake ni kuushikilia mchanganyiko usibomoke, kwa kuwa lithiamu huingia na kutoka maelfu ya mara. Ni kazi kubwa, lakini si kazi iwezayo kufanywa na kobalti peke yake.

Kila mama wa Bulengera ajua jambo hili pasipo kufundishwa. Unga wa muhogo ukipanda bei, huuchanganya na unga wa mahindi. Ukizidi kupanda, hupika mahindi matupu. Watoto watanung'unika siku mbili, kisha watazoea. Na yule mwenye shamba aliyedhani ya kuwa nyumba ile haiwezi kula bila muhogo wake, atabaki na muhogo wake. Wenye viwanda vya betri ndio wapishi. Sisi ni wenye shamba.

Tutazame mwaka kwa mwaka. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walionyesha ya kuwa mchanganyiko wa lithiamu na kobalti wafaa kwa betri. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ikaanza kuuza betri za lithiamu, na kobalti ikapata soko jipya. Lakini mwaka 1997 Goodenough huyo huyo, sasa akiwa Texas, Marekani, pamoja na wenzake walitangaza mchanganyiko mwingine, wa chuma na fosfati. Chuma chapatikana karibu kila nchi, na fosfati ndiyo ile itiwayo katika mbolea ya shamba. Mtu yule aliyeufungua mlango wa kobalti kuingia, ndiye aliyefungua na mlango wa kutokea. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino.

Kwa miaka mingi betri ya chuma ilidharauliwa. Ni nzito zaidi kwa umeme ule ule, na gari lake huenda safari fupi zaidi. Lakini bei yake ni nafuu, haishiki moto upesi, na hudumu miaka mingi. Wachina waliishughulikia kwa bidii, wakaipanga vizuri zaidi ndani ya gari, wakapunguza gharama. Mwaka 2024 karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme ulimwenguni, kwa kupima umeme zinaoweza kuuchukua, zilikuwa za chuma na fosfati. Nusu, ndugu wasomaji! Na katika nusu hiyo hamna kobalti kabisa.

USHUHUDA WA KAMIONETE

Labda msomaji mmoja atatujibu: "Betri za chuma ni za vigari vidogo vya mjini. Gari la kazi, lenye kubeba mzigo na kupanda milima, litaitaka kobalti daima." Ni jibu la akili. Basi tumwite shahidi ambaye watu wa Bulengera hawawezi kumkataa, ndiyo kamionete. Nani hapa asiyeijua? Ndiyo iletayo viazi na kabichi kutoka milima ya Lubero, ndiyo ipandayo na mizigo kutoka Kasindi, ndiyo ipelekayo mgonjwa hospitali na marehemu makaburini. Ikiwa liko gari moja lisiloweza kuiacha kobalti, lingekuwa hilo.

Wamarekani, ambao hupenda kamionete kuliko watu wote, walianza kuzifanya za umeme kwa betri kubwa ajabu. Kamionete ya Rivian ilitoka mwaka 2021. Ford ilitoa F-150 Lightning mwaka 2022, yenye betri ya kilowati-saa 98, na nyingine ya kilowati-saa 131. Kamionete ya umeme iitwayo GMC Hummer ina betri ya zaidi ya kilowati-saa 200, na betri hiyo peke yake yapata kilo 1,300, yaani karibu uzito wa gari dogo zima. Zote hizo zilianza na betri za nikeli zenye kobalti ndani yake.

Sasa tupige hesabu. Betri ya kilowati-saa 100 iliyopikwa kwa mapishi ya zamani, yaani nikeli, manganizi na kobalti kwa mafungu sawasawa, yataka kobalti kama kilo 40. Mapishi yaliyofuata yakaongeza nikeli hata ikawa mafungu 8 katika 10, na kobalti ikashuka mpaka kilo 9 au 10 hivi. Na betri ya chuma na fosfati yataka kobalti kiasi gani? Hata gramu moja haitaki.

Nazo kamionete zimekwisha kuifuata njia hiyo. Mwaka 2024 Rivian iliweka betri za chuma katika kamionete yake ya bei ndogo. Mwaka huo huo kampuni ya BYD ya China ilitoa kamionete iitwayo Shark, ikaionyesha kwanza huko Mexico. Hiyo ina injini ya petroli pamoja na betri, na betri yake ni ya chuma. Mei 2025 General Motors ilitangaza kwamba tangu mwaka 2028 yataka kutia katika kamionete zake kubwa betri yenye manganizi nyingi na kobalti kidogo mno. Agosti 2025 Ford nayo ikatangaza kamionete ya bei nafuu kwa mwaka 2027, yenye betri ya chuma. Tena, Desemba 2025, Ford hiyo hiyo ilitangaza kuacha kuifanya F-150 Lightning ya umeme mtupu, na kuandika hasara ya dola bilioni 19.5 katika shughuli zake za magari ya umeme.

Tafakarini jambo hili. Kampuni yenye wahandisi maelfu na fedha zisizohesabika ilikosea hesabu ya betri na soko kwa mabilioni. Na kijana wa Bulengera, asiyejua hata betri ya simu yake imefanywa kwa nini, aambiwa aweke maisha yake yote juu ya dini moja tu, ati kobalti haitaachwa kamwe!

BEI HAINA UNDUGU

Hatusemi kwamba kobalti imekufa. La hasha. Simu zaitaka bado, injini za ndege zaitaka, na magari mengi ya nikeli yaitumia bado. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti yote ichimbwayo ulimwenguni hutoka Kongo, hasa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Tusemalo ni kwamba mwenye kuuza kitu kiwezacho kuachwa si bwana wa soko.

Itazameni bei. Mwanzoni mwa mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwaka 2019 ikaanguka kufikia kama dola 30,000. Mwaka 2022 ikapanda tena kuipita dola 80,000, na mwanzoni mwa 2025 ikawa kama dola 21,000 tu. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ikafunga kuuza kobalti nje. Tangu Oktoba mwaka huo ikaweka kipimo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki, kisha tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili kabla ya mwaka kwisha.

Wengine walishangilia: "Mwaona? Tukifunga mkono, wanalia!" Kweli, serikali yenye kuilinda mali ya taifa isitupwe bure yafanya vema, nasi hatuilaumu kwa hilo. Lakini wapishi nao hawalali. Kila bei ya kobalti ipandapo, yule mhandisi wa betri ya chuma apata sababu mpya ya kusema mbele ya wakubwa wake, "Tuiache kabisa." Kipimo chatupatia muda, wala hakitupatii ufalme. Swali ni moja tu: muda huo twautumia kwa kazi gani?

Wazee wa Beni na Lubero hawahitaji kusomewa mambo ya mbali ili waelewe. Wanakumbuka kahawa. Iko nyumba nyingi hapa zilizojengwa na kahawa, na watoto wengi waliosomeshwa nayo. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya mafungu ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka. Kisha ugonjwa wa kunyauka ukaingia katika mibuni ya robusta upande wa Beni, ukaiangamiza. Wanakumbuka pia koltani. Mwaka 2000 viwanda vya simu na vya michezo ya umeme viliitaka kwa pupa, na bei yake ikaruka mara nyingi katika miezi michache. Vijana wa Kivu wakaacha jembe na daftari, wakaenda mashimoni. Mwaka 2001 bei ikaanguka vilevile kama ilivyopanda. Shamba lililoachwa lilikuwa limekwisha kuwa pori, na mwaka wa shule haukurudi.

Hata ng'ambo ya mpaka wetu liko fundisho. Kasese, si mbali na Kasindi, kilikuwako kiwanda kilichoanza mwaka 1999 kutoa kobalti katika rundo la mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Rundo lilipokwisha katika miaka ya 2010, kiwanda kikasimama. Lakini Waganda ndio waliofanya gari la umeme la Kiira mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Makerere, na baadaye basi la umeme la Kayoola. Je, elimu hiyo ilitoka katika rundo la Kasese? Ilitoka darasani na katika karakana. Rundo limekwisha, karakana ingali ikifanya kazi.

NENO KWA WATU WA NG'AMBO

Tukiwa tumewaambia wenzetu ukweli, tuna neno pia kwa wale wanaonunua kamionete hizo mpya. Twaona sasa wengine wakijisifu kwamba gari lao halina kobalti, ati kwa hiyo mikono yao ni safi.

Pole pole, ndugu! Januari 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya watoto waliofanya kazi katika mashimo ya kobalti ya Kusini. Juni 2019 zaidi ya wachimbaji 40 walifunikwa na udongo wakafa Kolwezi. Novemba 2025, huko Kalando katika Lualaba, zaidi ya watu 30 wakafa daraja la mgodini lilipobomoka. Watu hao walichimba madini yaliyojaza simu na magari ya ulimwengu kwa miaka mingi. Mtu aliyekula miaka ishirini mezani pa jirani yake hawezi kunawa mikono, kusema, "Sasa nala kwingine," na kudai ya kuwa hana deni. Kumwacha mchimbaji bila soko, bila ufundi mwingine, na shimo limebaki wazi nyuma ya nyumba yake, si haki. Ni kubadilisha duka tu.

Tena gari hilo lisilo na kobalti lina shaba nyingi, na Kongo ni ya pili ulimwenguni kwa kutoa shaba. Lina lithiamu, na wakubwa wa ulimwengu sasa wanaigombania lithiamu ya Manono, katika mkoa wa Tanganyika. Kwa hiyo hawajaondoka mezani. Wamebadilisha sahani.

Nasi tusianze wimbo ule ule kwa jina jipya, tukisema, "Basi tulale juu ya lithiamu." Tangu mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China imetangaza betri za sodiamu, ile sodiamu iliyomo katika chumvi ya kupikia. Mapishi bado yanabadilika.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Kupinga bila kuonyesha njia ni kelele. Twataja mambo matatu, yote yawezekanayo.

Kwanza, tujifunze betri tulizo nazo. Betri hazingoji Wamarekani kutuletea kamionete. Zimekwisha kuingia Bulengera, zimo nyumbani penye paneli za jua, zimo madukani, zimo katika zahanati. Ni wangapi wajuao tofauti zake? Betri ya risasi, ile nzito ya zamani, huharibika upesi mtu akiitumia kila siku mpaka karibu kuimaliza. Anayeizidisha nusu kila usiku asishangae ikifa mapema. Betri ya chuma na fosfati hustahimili zaidi, na huandikwa LFP au LiFePO4 ubavuni. Mnunuzi asiyejua kusoma herufi hizo hununua maneno ya mchuuzi. Na betri ya risasi iliyokufa isivunjwe uani, kwa maana risasi ni sumu, na watoto wachezao katika udongo ule hudhurika akili na mwili.

Twawaomba basi wakuu wa shule za ufundi, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichopo mjini kwetu tangu mwaka 1989, waliweke somo la betri mahali pa heshima: kuzipima, kuzitengeneza, kuzifungua bila hatari, kuchagua vipande vizima katika betri iliyochoka. Nairobi, tangu mwaka 2017, wako mafundi wa kampuni iitwayo sasa Roam waliotoa injini za dizeli katika magari ya kutembezea watalii na kutia mota za umeme. Magari ya zamani ya Japani yalitufikia kwa njia ya Mombasa na Kampala. Kamionete za umeme zilizochoka zitatufikia kwa njia hiyo hiyo. Siku hiyo Bulengera itakuwa ama mji wa mafundi, ama jalala la betri. Hakuna wa kutuchagulia.

Pili, tuulize hesabu. Sheria ya madini ya mwaka 2018 yaagiza ushuru wa madini ugawanywe: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mahali panapochimbwa, na 10 kwa Hazina ya Madini kwa vizazi vijavyo. Nayo kobalti, iliyotangazwa madini ya pekee mwishoni mwa 2018, hutozwa ushuru wa asilimia 10. Wengine husema, "Hayo ni mambo ya Lualaba, si yetu." Sivyo. Fungu la serikali kuu ni letu sote, na fungu la vizazi vijavyo ni la watoto wa Bulengera sawa na watoto wa Kolwezi, kwa maana limewekwa kwa siku ile madini yatakapokwisha au kukataliwa. Tulipiga kura Desemba 2023. Wale tuliowachagua tuwaulize kila warudipo kutuamkia: kiasi gani kimeingia katika Hazina hiyo, na kimefanya kazi gani? Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, tudai umeme kabla ya kudai viwanda vya betri. Kobalti yetu nyingi huondoka ikiwa haijasafishwa kwisha, nayo husafishwa China. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilipatana kufanya vitu vya betri katika nchi zetu wenyewe. Ni nia njema, lakini kiwanda hakiendi kwa nia. Mito tunayo. Mutwanga, chini ya Ruwenzori, na Matebe katika Rutshuru, ambako mtambo wa megawati 13 na zaidi ulizinduliwa Desemba 2015, zimeonyesha ya kuwa maji ya Kivu yaweza kuwasha taa na kuzungusha vinu. Betri ni mtungi tu. Mtungi usio na kisima hauondoi kiu.

Labda mtu atasema tunawavunja moyo vijana. Kinyume chake. Anayemwambia kijana, "Ngoja, udongo utakutajirisha," ndiye amvunjaye mikono. Yule mtumishi wa Injili aliyeifukia talanta yake ardhini hakukosa mali, alikuwa nayo. Alikosa kuifanyia kazi. Nasi tumepewa madini yaliyokwisha kufukiwa, na jaribu letu ni kuketi juu yake na kujisifu.

Betri itazidi kubadilika. Leo ni nikeli, kesho chuma, keshokutwa chumvi. Lakini betri ya namna yo yote itahitaji mtu ajuaye kuipima, kuiponya na kuifanya. Wazazi, mwaka wa shule ukianza, mtoto wenu akitaka kujifunza umeme, msimwambie kwamba hiyo ni kazi ya waliokosa nafasi ya kusoma. Mpelekeni.